Databesi ya Navidrome inakufa kila mara? Tumtafute mchawi

Mambo vipi wadau, karibuni tena hapa dukani Makoroboi, Mwanza, na samahani kwa hizo kelele, huyo jamaa wa sumu ya panya na spika yake huwa ananisubiri niwashe kamera ndo aanze.

Leo seva ya muziki. Mteja kaniletea Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ndani kuna Navidrome, programu ya kusikilizia nyimbo zako mwenyewe kupitia mtandao, kajaza zilipendwa na ngoma za bugobogobo za kutosha harusi tatu. Tatizo databesi inakufa, anaitengeneza, inapiga vizuri siku mbili tatu, inakufa tena. Kwenye logi unakuta hii: "database disk image is malformed". Tulia kwanza, nyimbo zako hazijaguswa. Navidrome inatumia SQLite, databesi inayokaa ndani ya faili, kwa hiyo kilichoumia ni faili moja tu, navidrome.db, humo ndo kuna pleilisti zako, ulizozipenda, na hesabu ya umesikiliza nini mara ngapi.

Haya, ingia kwa SSH, yaani kwenye Pi kwa kuandika amri ukiwa kompyuta nyingine, hiyo mnaijua. Zima seva:

sudo systemctl stop navidrome

Nenda /var/lib/navidrome, piga ls. Sasa hapa naomba macho yote. Mnaona navidrome.db, halafu pembeni kuna yenye -wal na nyingine -shm? Watu wakiziona hizi wanasema takataka, wanafuta. USIFUTE. Kwenye -wal kuna vitu vilivyoandikwa ambavyo bado havijaingia kwenye databesi yenyewe, ukiifuta umejichinja. Kopi zote kwa pamoja, peleka folda nyingine, na kazi yote tunafanyia kwenye kopi. Nasema tena, kwenye kopi, na seva iwe imezimwa.

Tupime:

sqlite3 navidrome.db "PRAGMA integrity_check;"

Nzima inajibu ok. Hii ya kwetu... ngoja kamera ishike fokasi... haya, ona hiyo mistari, bhebhe, imechakaa kweli. Tunaiokoa:

sqlite3 navidrome.db .recover > okoa.sql
sqlite3 mpya.db < okoa.sql

Ikikataa .recover huenda sqlite3 yako ni ya kabla ya 3.29, apdeti. Pima mpya.db kwa ile ile integrity_check. Ok? Ok.

Sasa kuirudisha, na hapa ndo pabaya. Ile databesi mbovu na -wal yake na -shm yake ziondoke ZOTE kwenye folda ya seva kabla hujaweka mpya. Mwanzo nimesema usifute, sasa nasema ziondoe, najua, ila sikiliza: databesi mpya ikikaa na -wal ya ile ya zamani, SQLite inaweza kuchukua mambo ya marehemu ikayabandika kwa aliye hai, umerudi ulikotoka. Wengi wanaosema "nimeirekebisha imekufa tena" wapite hapa kwanza. Hamisha, usifute, kaziweke mbali. Usiniulize nimejuaje.

Ipe jina navidrome.db, washa seva... haijawaka. Ngoja. Logi inasema "attempt to write a readonly database", ahaa, faili limekuwa la root, yule mtumiaji mkuu wa mfumo, Navidrome haiwezi kuliandika. Hii nisingeipanga hata ningetaka, poa, mmeiona:

sudo chown navidrome:navidrome navidrome.db

Washa. Hiyo hapo, pleilisti zote zipo.

Sasa mchawi, yaani kinachoiua databesi. Piga vcgencmd get_throttled, amri ya kuiuliza Pi hali ya umeme wake. Tunataka 0x0, hapa inasema 0x50000, maana yake tangu iwashwe umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango. Mteja anatumia chaja ya simu! Pi 4 inataka volti 5 ampea 3, na waya mzuri, sio ule mwembamba wa kuchajia redio. Halafu databesi iko kwenye memori kadi ya bei ya karanga, nyingine zinaiambia SQLite "nimeshaandika" na bado hazijaandika, umeme ukikatika hapo hapo kwisha habari. Mimi naweka databesi kwenye SSD yenye ext4, ule mfumo wa mafaili wa Linux, nyimbo zikae popote. Na wale mnaoiweka databesi kwenye folda ya mtandao, NFS au Samba, iondoeni leo, hali ya WAL, ile inayotumia faili la -wal, haifanyi kazi kwenye diski za mtandao.

Bakapu msipige cp, yaani kukopi faili kawaida, wakati seva inaandika, tumieni:

sqlite3 navidrome.db ".backup /mnt/ssd/navi.db"

Weka kwenye cron, kile kipangaji cha kazi za kujiendesha zenyewe, kila usiku. Adapta za ampea 3, SSD na UPS ndogo za Pi ninazo hapa, bei tunaelewana, ila ukija njoo na Pi yako tuijaribu hapa hapa mezani, sitaki mtu anirudie Jumatatu na waya wake ule ule.