Nimefika kwao Shakespeare, na hili la "siyo yeye aliyeandika" silikubali

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani, leo nimepanda treni ya asubuhi kutoka Birmingham nimekuja Stratford-upon-Avon, na hii nyumba mnayoiona nyuma yangu ndo ile ya mtaa wa Henley, alikokulia Shakespeare, yule mwandishi wa Kiingereza wa michezo ya kuigiza. Binamu yangu kanipigia jana ananiambia usisumbuke, yule hakuandika kitu, waliandika wakubwa wakatumia jina lake tu. Jamani iliniuma, manake mi Mabepari wa Venisi, mchezo wa huyuhuyu Shakespeare aliotafsiri Mwalimu Nyerere, niliisoma mpaka ikachanika jalada.

Humo ndani kuna karakana ya baba yake, mzee alikuwa fundi wa glavu, ngozi ziko mezani, mkasi uko pale, nimesimama hapo nikaelewa ubishi wote unaanzia kwenye hiyo meza. Wanasema mtoto wa fundi, chuo kikuu hajakanyaga, atayajuaje ya wafalme? Basi sifa ya kuandika wakampa Francis Bacon, mwanasheria na mwanafalsafa msomi, wengine wakampa Edward de Vere, Earl wa Oxford, yaani bwana mkubwa wa ukoo wa kitawala.

Sawa, wana hoja. Sahihi zake zilizobaki ni 6 tu na kila moja kaiandika kivyake, na wosia wake hautaji kitabu hata kimoja. Lakini huohuo wosia unawaachia hela ya kununulia pete waigizaji wenzake watatu, na wawili kati yao, Heminges na Condell, ndo waliokusanya michezo 36 ikachapwa 1623, miaka 7 baada ya yeye kufa, na 18 kati ya hiyo ilikuwa haijawahi kuchapwa, Macbeth ikiwemo, yaani bila hao wawili pengine leo tusingekuwa nayo kabisa. Watu mliopanda nao jukwaani miaka na miaka wasijue nani anawaletea maneno?

Na huyo Earl alikufa 1604. The Tempest, mmoja wa michezo hiyo, ina mambo yaliyotoka kwenye habari za meli iliyovunjika Bermuda 1609, sasa marehemu aliisikia wapi?

Binamu, najua utaiangalia hii. Kumnyang'anya mtu kazi yake kwa sababu baba yake alishona ngozi, hapana, hilo kwangu halipiti. Ngoja sasa niingie kanisani alikozikwa, kuna sanamu yake ukutani ameshika kalamu, nawageuzia kamera muione.