Karata za Taroti Siku Ukiwa na Shida: Tutazame Vikombe Vilivyomwagika

Karibuni tena. Leo niko mezani na karata za taroti, na kabla hujakimbia: hatupigi ramli hapa. Sikutabirii mume, safari wala adui. Tunazitazama picha ili tujue moyoni kuna nini, basi.

Sogea uone. Fungu zima lina karata 78. Hizi 22 ndizo kubwa, zina majina kama Nyota na Mnara. Zile 56 zina aina nne: vikombe, panga, sarafu na fimbo. Ukiwa umecheza karata barazani, hawa si wageni. Kopa tulilipata kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe. Shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni fimbo. Taroti yenyewe ilianza Italia karne ya 15, mchezo tu kama wetu. Uaguzi ulishika kasi baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18.

Hatua ya kwanza: zima data, chukua daftari na kalamu. Dakika ishirini zinatosha.

Ya pili, na hapa naachana na wengi: usichange karata. Zigeuze zote picha juu, uchague mwenyewe inayofanana na wiki yako. Umekesha na mawazo? Hii, Tisa ya Panga, mtu kaketi kitandani kaziba uso. Mfuko umetoboka? Tano ya Sarafu, masikini wawili kwenye theluji, wanapita chini ya dirisha linalowaka taa.

Mimi leo nachukua Tano ya Vikombe. Picha hii aliichora Pamela Colman Smith, na fungu lake lilitoka London mwaka 1909. Itazame taratibu. Mtu kavaa joho jeusi, kainamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimepinduka. Nyuma yake viwili vimesimama, wala havioni. Kule mbali kuna mto, na daraja.

Hatua ya tatu: andika vilivyomwagika. Usirukie vile viwili! Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini hakuna aliyesema usiyatazame yakitiririka. Kibarua changu kilipoota nyasi, kila aliyepiga simu aliniambia nishukuru uzima. Uzima nilikuwa nao. Na deni la kodi ya nyumba pia nilikuwa nalo, la miezi miwili. Kwa hiyo taja kila kikombe kwa jina lake: mshahara, ratiba ya asubuhi, watu wa kula nao mchana. Ukilia, simamisha video, nitakusubiri.

Ya nne: sasa geuka. Nini kimesimama nyuma yako? Usiandike “afya na familia”, hayo ni ya kwenye kadi za sikukuu. Andika kitu chenye siku na sura. Vyangu vilikuwa viwili kweli. Dada yangu alikuja “kupitia tu” akakaa siku nne, akaniachia mchele ndani ya ndoo. Na mama wa dukani aliniandikia unga kwenye daftari lake bila kuniuliza nitalipa lini.

Huoni hata kimoja? Acha wazi mstari huo, urudi kesho. Usibadilishe karata mpaka upate yenye jua, huko ni kujidanganya. Na ikiwa giza limekaa wiki nyingi, hulali wala huli, funga fungu hili uende ukaongee na mtu, au hospitali. Karatasi haitakushika mkono.

Ya mwisho ni fupi: mmoja uliyemwandika, mtumie ujumbe leo, mwambie kitu gani hasa alichofanya. Mimi nilimwandikia mama wa dukani, mistari mitatu, nimejipanga kabisa. Akajibu: “Asante mwanangu. Deni lako bado lipo.”