Anza na sikio, kamera itakuja: kusomea habari na mawasiliano ukitokea Amu (Lamu)

Assalaam alaikum. Hamjambo wa Mkomani na Langoni, wa Shela, wa Matondoni, na nyinyi wa Faza na Kizingitini mnaotazama kwa bando ya kuungaunga. Huku Leicester, Uingereza, ni saa tisa na nusu alasiri na jua linakwenda kuzama, kwa hivyo mwanga wa leo mniwie radhi.

Leo ni shahada ya habari na mawasiliano. Nasema na vijana waliomaliza kidato cha nne, wale wanaokaa Mkunguni na simu mkononi wakijiambia, "kamera mimi naijua." Sawa, unaijua. Ila chuoni kamera ni sehemu ndogo ya kazi, tena ndiyo nyepesi. Alama hupotelea kwenye mambo ambayo mtazamaji hayaoni: sauti, ruhusa, maandishi na hesabu ya siku. Nitakaa zaidi kwenye sauti, maana ndiyo inayowaangusha wengi, na mazoezi yake yanaweza kuanza leo jioni.

Kwanza lakini, jina la kozi lisikuchezee. Kozi ya uandishi wa habari hukufundisha kuhoji, kuandika, sheria na kuhariri. Kozi ya filamu ni kamera, taa na maigizo. Hii ya habari na mawasiliano mara nyingi ni kusoma na kutafiti: nani anamiliki vyombo, habari hupikwa vipi, watu huzipokea vipi. Hapa Chuo Kikuu cha Leicester, kilichoanzishwa mwaka 1966 kilikuwa kituo cha utafiti wa mawasiliano ya umma. Studio ni jambo jengine. Kabla hujaomba, fungua orodha ya masomo ya miaka yote, uhesabu mangapi ni ya vitendo na mangapi ni ya insha. Ukikuta insha saba kwa kila kazi moja ya studio, ujue unachokinunua.

Ukisoma nyumbani, shahada ni miaka minne, mlango ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na alama yako ya lugha hutazamwa. Ukipata C- bado stashahada ipo, na mimi siioni kuwa ndogo: taasisi ya mawasiliano ya umma ya serikali kule Nairobi, KIMC, inafundisha kazi hii tangu 1961, na mtu wa stashahada aliyezoea vifaa humpita mwenye shahada ambaye hajawahi kuhariri dakika mbili za redio.

Uingereza, shahada ni miaka mitatu na hupimwa kwa krediti: 120 kila mwaka, jumla 360. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kazi. Somo la krediti 20 basi ni saa 200, na darasani utakaa sehemu ndogo tu ya hizo. Zilizobaki ni zako na maktaba. Hapo ndipo watu huzama, kwa kudhani wiki yenye saa kumi za darasa ni wiki ya mapumziko. Na alama zao ni za peke yake: 70 ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 40 ndiyo kufaulu. Ukipewa 68 usimpigie mama kwa kilio. Umefanya vizuri.

Haya, sauti.

Kazi ya kwanza ya vitendo karibu kila mahali ni mahojiano mafupi, dakika mbili au tatu, yawe ya redio au video. Mtazamaji huvumilia picha yenye kiza. Sauti ya kukwaruza haivumilii, hufunga. Sasa tufanye mfano: unamhoji fundi anayekalafati jahazi Matondoni.

Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni. Si mita mbili, si kwenye stendi kule. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli sita, ilhali nyundo, mawimbi na upepo vinabaki vilevile. Ndiyo maana video ya simu iliyoshikwa mbali husikika kana kwamba mtu anazungumza ndani ya mtungi. Kuongeza sauti baadaye kwenye kompyuta hakusaidii, kwa sababu kelele nayo inapanda. Kama huna maiki, chukua simu ya pili, fungua programu ya kurekodia, itie kwenye mfuko wa kifuani wa fundi, kitundu cha maiki kikitazama juu. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo utakalotumia kuoanisha sauti na picha.

Ile maiki ndogo ya kubana kifuani ina adui wake: nguo. Kanzu yenye wanga na buibui la kitambaa chepesi husugua, nawe utasikia mkwaruzo kila mtu akipumua. Ibane mahali nguo haitembei, uache kifundo cha waya chini yake ili waya ukivutwa usivute maiki.

Upepo. Kusi likivuma, sponji nyeusi inayokuja na maiki haitoshi, hiyo ni ya pumzi ya mdomo. Upepo hutaka manyoya marefu, yale yanayofanana na paka aliyelowa, kwa sababu huukatakata kabla haujagonga maiki. Huna? Geuka, mgongo wako uwe kinga, au ingia kichochoroni. Kuta nene za matumbawe za mji wetu huzuia upepo kuliko kifaa chochote cha dukani. Lakini ukiingia ndani kabisa, chumba cha chokaa kisicho na kitu kina mwangwi. Tandika mikeka, tundika blanketi nyuma ya kamera (nyuma ya kamera, si nyuma ya msemaji, maana sauti yake inaelekea huko), zima feni, chomoa friji. Funguo zako zitie ndani ya friji hiyohiyo, usije ukaondoka bila kuichomeka tena na kumuozeshea mwenyewe samaki.

Kipimo: kwenye mita ya programu ya kurekodia, sauti ya juu kabisa iguse karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri imepasuka, na iliyopasuka haishoneki. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kilohetsi 48, biti 24. Kwa maiki moja hiyo ni kama megabaiti 520 kwa saa, basi futa picha za arusi kwanza upate nafasi. Vaa hedifoni muda wote. Wanafunzi huona haya kuzivaa mbele za watu, halafu wanagundua usiku kwamba waya ulikuwa umechomoka.

Kisha jambo ambalo nusu ya darasa husahau: mkishamaliza kuzungumza, nyamazeni wote dakika nzima, urekodi mvumo wa mahali pale. Ukikata "aa" na "yaani" za msemaji, patabaki vitundu vya kimya kitupu, na sikio huvisikia kama hatua iliyokosa ngazi. Mvumo ule ndio unaozibia. Na hapo uelewe kwa nini adhana, punda anayelia na injini ya boti ni tatizo la kuhariri kabla ya kuwa kelele: ukikata sentensi katikati ya adhana, adhana nayo inaruka neno. Kila Mwislamu aliyeko darasani atageuza shingo, na mwalimu asiyeijua adhana naye atasikia kuna kilichovunjika. Adhana ikianza, zima. Ni adabu, na ni ufundi pia.

Picha nitapita haraka. Umeme wetu ni wa hetsi 50, na simu nyingi hutoka kiwandani zikipiga fremu 30 kwa sekunde, ndiyo ile mistari inayotembea chini ya taa za ndani. Weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50. Mji unatazama mashariki, kwa hivyo asubuhi jua linatoka upande wa Manda na uso wa anayetazama bahari unang'aa vizuri. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Kila picha ishike sekunde kumi bila kuzungusha. Piga tano: mikono ya fundi ikisukuma pamba kwenye nyufa, uso wake, mikono na uso pamoja, ukiwa nyuma ya bega lake, na moja kutoka mahali ambapo mtu hatarajii, labda chini ya mkuku. Kwa tano hizo utahariri, bila hizo utakuwa na mzee anayezungumza dakika tatu.

Maandishi ya kusomwa hewani yana mtego kwetu sisi. Vitabu vya Kiingereza husema hesabu maneno matatu kwa sekunde. Usiinakili hesabu hiyo kwa Kiswahili. "Hawatakuruhusu" ni neno moja lenye kazi ya maneno matano ya Kiingereza. Soma kwa sauti ukiwa na saa, upate kasi yako, ndiyo uandike.

Ruhusa sasa. Fomu ya Kiingereza aliyotia sahihi bibi asiyesoma Kiingereza haina uzito wowote wa maadili. Mweleze kwa Kiswahili: wewe ni nani, video itaonekana wapi, anaweza kujitoa mpaka lini. Mrekodi akikubali kwa maneno yake. Mtoto anataka idhini ya mzazi au mlezi, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 imelisema hilo wazi. Kwa tasnifu ya mwaka wa mwisho kuna tanzi zaidi: kibali cha maadili cha chuo hutoka kabla ya mahojiano ya kwanza. Ukija likizo Julai ukawahoji wavuvi kumi, halafu ukaomba kibali Septemba, mahojiano yale huwezi kuyatumia. Yote kumi.

Nadharia watu huziogopa bure, maana zinakaa mtaani kwetu. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, wakaona kwamba ushawishi wa redio na magazeti mara nyingi hupitia kwanza kwa watu wachache wanaofuatilia sana, ndio wanaowapa wengine. Aliyewahi kukaa dakani baada ya isha amemwona mtu huyo, na viungo anavyoongeza. Mwaka 1968 McCombs na Shaw waliwauliza wapiga kura 100 wa Chapel Hill masuala makubwa ni yapi, wakalinganisha na yaliyopewa nafasi na vyombo vya habari. Mengi yalifanana. Jaribuni na Lamu: mwezi mzima kusanya kila kichwa cha habari cha magazeti ya taifa chenye jina letu, ukipange katika mafungu: usalama, bandari, Maulidi na utalii, maji, uvuvi. Halafu mpe mwenzio sehemu moja kati ya kumi aipange bila kuona yako. Mkitofautiana sana, mafungu yako hayajaeleweka, yaandike upya kabla ya kuhesabu chochote.

Nyaraka pia ni zoezi. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mazingira ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu ilifutwa. Chukua uamuzi ule, uandike maneno 300. Kosa la kwanza la wengi: kuandika "mahakama", ilhali ni baraza la rufaa la mazingira. La pili: kuandika kwamba makaa yalipigwa marufuku, wakati moja ya sababu kuu za kufuta leseni ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mhariri atakurudishia kwa hayo mawili peke yake.

Na kama waraka haupo, uombe. Sheria ya kupata habari ya 2016 inamruhusu raia kuiandikia ofisi ya umma kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nayo ijibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Kuomba ni bure, unalipia nakala tu. Omba kitu kimoja, chenye mwaka na jina la mradi. Ukiandika "naomba taarifa zote za ukuta wa bahari" utajibiwa kwa ukungu.

Kwa wanaotaka kuja huku: pesa za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, cheti cha kupimwa kifua kikuu kinatakiwa, na matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili. Linalowapata watu wa fani yetu ni hili: visa ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula kwa kozi ya shahada, lakini hairuhusu kujiajiri. Kupiga picha arusi kwa malipo, kuuza makala kama mwandishi huru, hayo ni kujiajiri. Chaneli ya video inayoingiza pesa inaweza kuhesabiwa hivyo pia, muulize mshauri wa visa wa chuo kabla hujawasha matangazo.

Mkituma sampuli za kazi, tatu zatosha, kila moja chini ya dakika mbili, bora iwe ya kwanza. Kiungo mpe jirani akifungue kwa simu yake. Kikimwomba nywila, mkaguzi naye kitamwomba, naye hatakuandikia kukuuliza. Faili zikae mahali pawili na pa tatu pawe nje ya nyumba, maana chumvi ya bahari...

Naam, simu inaadhini Maghrib. Kanuni ni ileile, nazima.