Rongai Inahesabiwa Usiku

Haya jamani, habari za jioni. Walioko nyuma mnanisikia? Sawa. Na wale wamesimama mlangoni ingieni, viti viko huku mbele, najua watu wa Rongai hupenda kukaa karibu na mlango juu wamezoea kushukia njiani.

Nimeambiwa niongee historia ya Ongata Rongai, huu mji wetu wa kando ya Nairobi, na idadi ya watu wake. Mimi si profesa, nimefundisha jiografia miaka mingi na nimekaa hapa tangu 1991, wakati ulikuwa ukishuka steji mvua imenyesha unavua viatu vya kazi unavitia kwa karatasi unavaa gambuti ulizoacha kwa mama wa kiosk, halafu asubuhi mnabadilishana tena. Vyeti vyangu ndio hivyo.

Tuanze na jina. Ni la Kimaasai. Ongata ni uwanda, nchi tambarare, na rongai ni nyembamba, kwa hivyo tunakaa kwa uwanda mwembamba. Ukitaka kuuona panda juu ya gorofa lolote asubuhi kabla vumbi halijaamka: huku kuna mto Mbagathi na mbuga ya wanyama ng'ambo yake, huku vilima vya Ngong, na katikati kipande cha nchi kimebanwa. Aliyetoa hilo jina alikuwa anaangalia malisho ya ng'ombe, hakuwa anaangalia ploti.

Huo Mbagathi ndio mpaka. Ukiuvuka kwa Magadi Road unatoka Nairobi unaingia Kajiado, unabadilisha gavana bila kubadilisha matatu. Na ile mbuga ilifunguliwa 1946, ya kwanza Kenya nzima, kilomita za mraba 117, sasa fikirieni mji unakua mbio hivi halafu upande mmoja umewekewa simba. Haungeweza kupita hapo. Ukazunguka, kama maji yakikuta jiwe. Hiyo ndio sababu unaweza kusimama huku kwetu uone magorofa ya katikati ya Nairobi kule ng'ambo ya nyasi kama unaweza kuyagusa, lakini kufika huko ni masaa mawili ya jamu.

Kabla ya hayo kulikuwa na mkataba wa 1904 na ule wa 1911. Hizo karatasi ziliwatoa Wamaasai malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa, baadaye hata Laikipia, wakasukumwa wote kusini. Sitakaa hapo sana, lakini mkumbuke, kila mara mtu akisema "Rongai ilikuwa shamba tupu", haikuwa tupu, ilikuwa ya wenyewe.

Watu wa nje walianza kuja kwa sababu ya mawe. Miaka ya hamsini watu walichimba hapa mawe ya kujenga, na "quarry" kwa mdomo wa fundi ikawa Kware, hadi leo tunaita hivyo. Kwa hivyo kabla Rongai haijalaza watu wa Nairobi ilikuwa inawajengea ukuta. Mimi napenda sana hiyo habari, sijui kwa nini haiandikwi kwa kibao pale steji.

Halafu ardhi. 1968 serikali ilipitisha sheria ya kuandikisha ardhi za Wamaasai kwa vikundi, zile ranchi za pamoja, lakini pia kuna familia, hasa huku karibu na Ngong, zilipata hati za peke yao. Ukishakuwa na hati una kitu cha kuuza. Mzee anauza ekari tano asomeshe mtoto, mnunuzi anakata ekari moja vipande vinane vya hamsini kwa mia, yaani futi, kinachobaki kinaitwa barabara. Mkiuliza kwa nini barabara ya mtaa wenu inapinda halafu inaishia kwa geti ya mtu, jibu ndio hilo, hakuna mtu alikaa chini akachora mji. Kila mtu alichora ploti yake. Maji vilevile: huyu amechimba boho, yaani kisima kirefu, yule ana bowza, lori la maji, wengine mkokoteni na mitungi, na choo ni shimo la septik na eksosta, lori la kunyonya maji taka. Watu walifika kwanza, mifereji ikaambiwa itafuata.

Kitu kilichounganisha hivyo vipande ni matatu. 1973 Mzee Kenyatta alitangaza matatu zifanye kazi bila leseni za magari ya abiria, na tangu hapo karani mwenye mshahara mdogo angeweza kulala mbali na kazi yake. Miaka ya themanini na tisini wakaja walimu, polisi, manesi, watu wa jua kali, baadaye wanafunzi wa vyuo, wote wakifuata nyumba ya bei nafuu mwisho wa laini ya matatu namba 125. Vijana wakaita huku Diaspora, ati ukihamia Rongai umeenda majuu, ng'ambo kabisa. Mmecheka, lakini mnalipa fea ya majuu mvua ikinyesha.

Sasa namba, juu najua wengine mmekuja kwa sababu ya namba. Sensa ya 2009 iliandika Ongata Rongai watu 40,178. Ya 2019 ikaandika 172,569. Mara nne na zaidi, kwa miaka kumi! Magazeti yakipata kitu kama hicho yanasema mji umelipuka. Mimi nawaambia ngojeni kidogo. Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840, hiyo ni mara moja na nusu na ushei. Na jirani zetu Ngong walitoka 107,188 wakashuka hadi 102,323. Ngong imepunguza watu karibu elfu tano? Nani hapa amepita Ngong akaona nyumba zinabomolewa watu wanahama? Hakuna. Kule wanajenga kama sisi.

Kwa hivyo ukiona mji mmoja umeruka mara nne na wa jirani umerudi nyuma, usiulize kwanza nani amezaa, uliza laini ya mji imepitishwa wapi. Rongai haina ukuta wala kibao cha mwisho, Nkoroi ni Rongai ama si Rongai? Rimpa je? Ukiuliza mtu wa Rimpa inategemea unamuuliza nini, akiuza ploti ni Rongai, akiitisha heshima ni Rimpa. Nakubali tumeongezeka, tena sana, macho yangu yameona, lakini hizo namba mbili sidhani zimepima kitu kimoja.

Na kuna jambo la pili ambalo mimi naona ndilo kubwa. Sensa yetu inauliza nani alilala hapa. 2019 ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, mnakumbuka baa zilifungwa saa kumi na moja jioni ndio watu waende nyumbani wahesabiwe, kuna wazee wa hapa hawakuwa wameona sebule zao saa hiyo kwa miaka. Sasa kwa mji kama wetu swali la usiku ndilo linatujaza. Gorofa yetu ina milango ishirini na nne. Saa kumi na nusu alfajiri kufuli zinaanza, kacha, kacha, kacha, mimi hulala nikizihesabu. Ikifika saa mbili nimebaki na keateka, yule mwangalizi wa gorofa, mama mmoja ana mtoto mchanga, na paka. Ukituhesabu saa sita mchana sisi ni kijiji. Na ukituhesabu tarehe 26 Disemba, watu wameenda kwao Krismasi, wacha tu, hata huyo paka anahangaika.

Ndio nauliza shule, hospitali, maji, vinapangwa kwa watu wa saa ngapi? Mtoto anaugua mchana, mamake yuko kazini Industrial Area, Nairobi. Moto ukishika mchana nani yuko wa kubeba ndoo?

(Swali kutoka kwa kijana mmoja: mwalimu, na wewe ulihesabiwa wapi?)

Eh. Nilikuwa natumai hutauliza. Huo usiku nilikuwa Nakuru, dada yangu alikuwa na harusi ya binti yake, nikalala kwake kwa sofa, na kijana wa sensa akaja na tablet yake akaniuliza kama nimelala hapo, nikasema ndio. Kwa hivyo ile 172,569 mimi simo. Miaka ishirini na nane nimelipa kodi ya nyumba hapa halafu kwa vitabu vya serikali nilikuwa mtu wa Nakuru.

Swali lingine? Mama pale nyuma.