Kunakili Uso wa Juan de Pareja

Asanteni. Naanza na kosa langu. Nilipojaribu kuinakili picha hii mnayoiona ukutani, nilinunua tyubu ya kahawia kwa ajili ya ngozi na tyubu ya nyeusi kwa ajili ya kivuli. Wiki tatu baadaye nikawa nimepata kinyago. Cha mpingo, tena kisichopigwa msasa.

Huyu ni Juan de Pareja. Mchoraji Mhispania Diego Velázquez alimchora Roma mwaka 1650, na leo picha iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Pareja alikuwa mtumwa wake, Mhispania mwenye asili ya Kiafrika, msaidizi wa karakana. Nilimchagua kwa ajili ya ngozi yake, na kwa kuwa picha karibu yote ni kijivu na hudhurungi: hakuna rangi kali ya kukusitiri ukikosea.

Tazameni paji la uso. Pale panapong'aa si kahawia iliyotiwa nyeupe. Pamepoa, panaelekea kijivu. Shavuni wekundu unarudi. Sikuyaona hayo mpaka nilipotoboa kadi nyeupe na kuiweka juu ya picha, nione rangi moja tu bila jirani zake. Ile niliyokuwa nikiapa ni kahawia ilikuwa karibu na majivu! Tangu siku hiyo tyubu ya nyeusi haijagusa kivuli changu cha uso.

Kuhusu subira: rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani, hunyonya oksijeni hewani na kuganda polepole. Kwa hiyo tabaka la chini liwe jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini, na mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukipindua utaratibu huo, picha itapasuka. Na fungueni madirisha. Mimi nilifukuzwa sebuleni kwa ile harufu, na sikuwa na la kujitetea.

Sasa kola. Nilimaliza siku mbili nikichora lesi tundu kwa tundu, ikatoka kama chandarua. Ukiikuza picha, lesi huioni: unaona mistari ya brashi, nyeupe, iliyopigwa upesi. Rudi nyuma hatua tatu, na lesi inajishona yenyewe. Nilifuta, nikashika brashi pana kuliko nilivyothubutu, nikamaliza kwa nusu saa.

Najua kuna anayetaka kuuliza kama huu si wizi. Mchoraji Rubens alipofika Madrid mwaka 1628 alikuwa na miaka 51, jina lake limeenea Ulaya nzima, na bado aliketi kunakili picha za Tiziano, mchoraji Mwitalia aliyemtangulia. Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hadi leo huwaruhusu wanakili kuketi mbele ya picha, ila nakala isilingane kwa ukubwa na ya asili. Mimi huandika nyuma ya turubai: nakala, kutoka kwa Velázquez.

Novemba ya mwaka ule ule wa 1650, Velázquez alitia saini hati ya kumwacha Pareja huru, kwa sharti atumike miaka minne zaidi. Mwaka 1661 Pareja akachora Wito wa Mtakatifu Mathayo, picha iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ukingoni kushoto kasimama yeye mwenyewe, mkononi ana karatasi yenye jina lake. Uso huo ndio ninaounakili sasa, na kadi yangu yenye tundu ninayo hapa mfukoni.