Foleni ya chanjo: corona ilivyovuruga misaada ya kimataifa

Mtangazaji 1: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo ni corona, ila sio ugonjwa wenyewe, tunaongelea ushirikiano wa nchi na nchi, ile misaada, baada ya corona ikawaje. Kaka anza wewe.

Mtangazaji 2: Asante dada. Mi naanza na COVAX, maana yote yapo humo. Aprili 2020 mpango huo ukaanzishwa, nchi zinunue chanjo kwa pamoja, tajiri na maskini wapate kwa wakati mmoja, lengo dozi bilioni 2 mpaka mwisho wa 2021. Sasa matajiri huku wanachangia, huku wanaenda wenyewe kwa makampuni kuweka oda zao, tena wengine oda zinazidi idadi ya watu wao mara kadhaa!

Mtangazaji 1: Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020. Mzigo wa kwanza wa COVAX umetua Ghana 24 Februari 2021, dozi laki 6 tu.

Mtangazaji 2: Ehe, na mwezi uliofuata India wakabana chanjo zisitoke, na siwalaumu sana, wagonjwa walikuwa wanajaa kwao, ila COVAX ilikuwa imeegemea mno Serum Institute, kiwanda cha chanjo cha hukohuko India, kwa hiyo geti la kiwanda kimoja likifungwa nchi kibao zinakaa zinasubiri. Hapo ndo nilielewa kwamba mwenye kiwanda ndo anaamua nani achanjwe kwanza, hata uwe na mikataba ya misaada mia.

Mtangazaji 1: Na zilizokuja kama msaada, nyingi zilikuja zimekaribia kuekspaya. Malawi wakateketeza kwa moto dozi karibu elfu 20 Mei 2021, Nigeria Desemba wakaharibu zaidi ya milioni moja. Halafu lawama kwa wanaopokea! Hiyo inaniuma mpaka leo kwa kweli.

Mtangazaji 2: Wakati huohuo Afrika Kusini wanajaza chupa za chanjo ya Johnson & Johnson pale Gqeberha, nyingine zinapandishwa ndege kwenda Ulaya.

Mtangazaji 1: Jamani. Na upande wa hela je? Uingereza hiyohiyo 2021 ikashusha misaada toka asilimia 0.7 ya pato lake mpaka 0.5, katikati ya janga. IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, nao Agosti wakatoa akiba ya dola bilioni 650 wagawiwe wanachama, ila mgao unafuata hisa za kila nchi kwenye shirika, Afrika nzima ikapata kama bilioni 33.

Mtangazaji 2: Ndo maana Umoja wa Afrika ukasema ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zetu tutengeneze wenyewe, na Cape Town kukawekwa kituo cha kufundisha teknolojia ya mRNA, ile iliyotengeneza baadhi ya chanjo za corona. Huo kwangu ndo ushirikiano, unanipa ujuzi, sio boksi.

Mtangazaji 1: Na ule mkataba wa majanga ya magonjwa waliopitisha WHO, Shirika la Afya Duniani, Mei 2025?

Mtangazaji 2: Umepita, lakini dada, kile kipengele kigumu, kwamba nikikupa sampuli za kirusi na mimi nipate chanjo itakayotokana nazo, walikiweka pembeni kijadiliwe baadae. Mi naona bila hicho foleni ni ileile.