Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu mliokaa mbele kwenye jamvi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni kana kwamba mnataka kukimbia, ahsanteni kwa kuja. Walionialika hapa Wete waliniandikia barua wakitaka nizungumzie mchango wa mwanamke wa kijijini, kwa kuwa leo ni tarehe 15 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa huwaadhimishia wanawake hao tangu 2008. Barua nimeikubali, mada nimeipunguza. Nitamzungumza mwanamke mmoja tu, mamangu mzazi, aliyefariki mwaka jana. Jina lake sitolitaja. Hakupenda kutajwa mbele za watu, na kijijini kwetu, upande wa Kangagani, pale tunapoitazama Kojani ng'ambo ya maji, hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina hilo. Alikuwa Mama Fulani, kisha akawa Bi Fulani, mwisho akawa Bibi tu, wa kila mtu.

Siku ya arobaini, tulipomaliza kisomo, wazee walimsifu. Mmoja akasema alikuwa mvumilivu. Mwengine akasema mpole, hana makuu. Wa tatu akarudia mvumilivu. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mnavyoitikia nyinyi sasa hivi. Usiku nilipolala ndipo nikajiuliza: wanamzungumza nani? Mamangu mpole? Yule aliyemtoa jasho mwenye shamba mzima kwa pishi moja ya karafuu? Nikaona kwamba tumemzika vizuri, lakini tumemsifu vibaya. Mtu akiishi karibu miaka 80 akilisha watu kila siku, sisi tukamwita mvumilivu, ni sawa na kusema alikaa akisubiri. Hakusubiri kitu. Alikuwa akipima.

Vijana, naona wengine hamkijui kibaba, basi niwape somo, maana nimesomesha hesabu kwa zaidi ya miaka 30 na ulimi umeshazoea. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne. Kwa mchele, kibaba kimoja ni kadiri ya robo tatu ya kilo, hupungua kidogo. Na kila kipimo kina hali mbili. Ukikijaza mpaka kikafanya kilima juu, hicho ni kibaba cha tele. Ukipitisha kijiti juu ya mdomo wake, kikawa sawasawa, hicho ni kibaba cha mfuto. Hapo mlipo, wengi wenu mmekuzwa kwa tofauti ya hivyo viwili, na hamjui.

Mamangu alikuwa na kibaba cha mti alichokuja nacho alipoolewa, miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1964. Kikapasuka. Akatafuta kopo la maziwa ya unga, akalijaza mchele, akakuta linazidi kibaba. Mtu mwengine angesema haidhuru. Yeye alikichukua kile cha mti kilichopasuka, akakifunga kwa kamba, akapima nacho mchele, akaumimina kwenye kopo. Kisha akaligonga kopo ubavuni kwa mchi. Akamimina tena. Akagonga tena. Mpaka mchele wa kibaba ukafika mdomoni mwa kopo, mfuto, bila ya kubaki wala kuzidi. Mimi nilikuwepo, mdogo, nikishika ungo ili punje zisimwagike. Nilipokwenda kusomea ualimu nikafundishwa kwamba chombo cha kupimia lazima kwanza kilinganishwe na kipimo kinachojulikana. Mwalimu alilieleza jambo hilo kama geni. Mie nikacheka, nikatolewa nje.

Nyumbani tulikuwa watu 11. Siku ya wali vilipikwa vibaba vitatu. Akishapima vya mfuto, kabla ya kuosha mchele alitia mkono, akachota konzi moja, akairudisha kwenye mtungi uliokuwa chini ya kitanda chake. Hakuna aliyeiona njaa ya konzi ile. Nimekaa kuipigia hesabu nikiwa mtu mzima. Konzi kumi zake zilikuwa kibaba. Wali kwetu ulikuwa siku nne kwa wiki, siku nyengine muhogo, ndizi, majimbi au shelisheli. Kwa mwaka mzima zinakuwa konzi 208, yaani pishi tano na ushei. Pishi tano zilizotoka katika matumbo yetu wenyewe bila ya sisi kujua! Kila nikimwambia "haba na haba hujaza kibaba" alinikatiza. "Aliyesema hayo hajalisha watu," akisema. "Kibaba hujazwa mara moja. Haba na haba ndivyo kinavyomalizika."

Mtungi ule ulifanya kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na sukari viliadimika Visiwani, na wakubwa mliomo humu mnakumbuka foleni. Mie nakumbuka muhogo, na juu ya muhogo punje za wali zilizohesabika, zilizowekwa, naamini, ili tukitoka nje tuseme tumekula wali. Jirani yetu aliyekuwa na wachanga wawili alipoleta chombo, mama alichota kwenye mtungi huohuo na akampa kibaba cha tele. Sisi mfuto, jirani tele. Tulinung'unika. Akatutazama tu.

Nazi nayo ilikuwa moja kwa watu 11. Akikaa juu ya mbuzi akaikuna, tui la kwanza, kasimele, aliliweka kando, la kumalizia mchuzi au la mgonjwa. La pili ndilo lililopikia. La tatu, ambalo kwa kweli lilikuwa maji yenye kumbukumbu ya nazi, lilichemshia muhogo. Chicha ikaenda kwa kuku. Kifuu kikawa kata ya kuchotea maji au kikaingia motoni, na kumbi, lile ganda la nje lenye nyuzi, likenda pwani.

Na hapa pwani naomba mnivumilie, maana ndipo nilipompendea zaidi. Wanawake wa kwetu walikuwa na mashimo ya makumbi kwenye tope la pwani, karibu na mikoko. Unafukia makumbi, unayafunika, unaweka mawe yako ya alama, unayaacha maji yaje na yatoke kwa miezi sita, pengine zaidi. Ukiyatoa mapema, nyuzi hazitaki kuachana. Utayaponda mpaka mkono uvimbe. Ukiyachelewesha, usumba, yaani nyuzi zenyewe, unakosa nguvu na kamba inakatika. Nani anajua siku yake? Mama aliingiza mkono topeni, akatoa kumbi moja, akalinusa, akalivunja kwa kidole gumba, akasema "bado" au akasema "twende". Harufu yenyewe, wallahi, mtu akiisikia mara ya kwanza hukimbia. Yeye aliisoma. Kisha ndiyo kuponda kwa gogo juu ya jiwe, kusuuza, kuanika, na jioni kusokota kwa viganja, taratibu, huku akizungumza na shoga zake, kamba ikirefuka nyuma yake kama kitu kinachojitengeneza chenyewe. Kamba zile zilikwenda vitandani, zilikwenda kufungia ng'ombe, zilikwenda vyomboni. Sare yangu ya kwanza ya skuli ilitokana na kamba. Nilimuuliza siku moja alijifunza wapi kunusa kumbi. Akanambia kwa mamake, naye mamake alikuwa hasemi kitu, anakupa unuse tu. Mie alinipa ninuse mara nyingi. Sikuwahi kupatia.

Sasa ile pishi ya karafuu. Msimu ulikuwa mzuri, na mama alikwenda kuchuma katika shamba la mtu, matawi ya chini, wanaume wakiwa juu na pembo zao wakivuta matawi. Jioni watu hukaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, vidole vyeusi mpaka usiku. Kisha mwenye shamba hupima, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Huyu bwana alikuwa na tabia: akijaza pishi ya mchumaji huitikisa ili karafuu zikae, akaongeza, akaitikisa tena, akaongeza mpaka ikafanya kilima. Yaani anapokea tele, analipa mfuto. Watu walijua. Watu walinyamaza. Siku hiyo mama alipofikiwa akasimama, akachomoa mwiko kwenye pakacha lake (alikuja nao kutoka nyumbani, basi nia alikuwa nayo tangu asubuhi), akaupitisha juu ya pishi, zilizozidi zikaanguka kwenye kanga yake aliyoitandaza chini. Akasema, "Ukitaka tele, nilipe tele." Bwana akafoka kwamba mwanamke hana adabu. Mama hakujibu. Akaingojea pishi ya pili na mwiko wake mkononi. Kesho yake wanawake watano walikuja shambani na miko.

Huyo ndiye mpole wenu.

Karafuu zetu wenyewe, za miti ya baba, akiziangalia zikiwa mbichi juu ya jamvi alikuwa akisema zitatoka pishi ngapi kavu. Karafuu hukauka ikabaki kama thuluthi moja ya uzito wake, hilo kila Mpemba anajua, lakini yeye aliangalia na mawingu, akakadiria na siku watakazozikimbiza ndani kwa mvua. Baba alipokwenda kuziuza kituoni kwa shirika la serikali linalonunua karafuu alikuwa na jibu mfukoni kabla ya mizani. Makonyo aliyaweka mbali, nayo yana bei yake; kiwanda pale Wawi kinayatoa mafuta.

Mizani ndiyo iliyomshinda. Kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar, 1989 kule Paje na Jambiani, hakikuchukua muda kufika huku, na shoga zake wakaingia baharini na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Naye akaingia, msimu mmoja. Walipouza, mnunuzi alitundika mizani ya saa, akasoma nambari, akaandika. Mama hakujua kusoma. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Mshale ule unapitishwa mwiko wapi?" Sikuwa na la kumjibu, mwalimu wa hesabu mzima. Hakurudi tena kwenye mwani, na najua alipoteza fedha kwa uamuzi huo, maana wenziwe walijenga nyumba za matofali. Sisemi alipatia.

Na si hapo tu. Mie ni mtoto wake wa tatu, msichana wa kwanza, na hesabu yake nilikuwa naisoma kutoka upande wa chini. Sinia ya baba na kaka zangu ilikuwa na kati ya samaki. Yetu sisi na mama ilikuwa na kichwa na mkia, na mchuzi. Msimu mmoja wa karafuu alinizuia kwenda skuli wiki tatu, nikae nichunge majamvi, mvua ikinyesha nikunje. Kaka zangu walikwenda. Nilimchukia kwa wiki hizo tatu na kwa muda mrefu baada yake. Nilipokuwa na wanangu nilimwambia. Aliendelea kuchagua mchele ungoni, akitupa chenga upande, akasema, "Nilikuwa na majamvi manne na mtoto mmoja mwenye akili. Ningemweka nani?" Mpaka leo sijaamua kama ile ilikuwa sifa au ni namna ya kunyamazishwa.

Mwaka 2010 umeme ulipokuja Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na baadaye nguzo zikafika kwetu, ndugu yangu alimletea jiko. Alilifunika kwa kawa, akaendelea na mafiga yake matatu. Taa aliipenda. Usiku alikaa chini yake akisuka ukili, akasema sasa anaona rangi za miyaa kama zilivyo.

Nirudi kwenye ile siku ya arobaini, kisha niwaache mwende mkasali. Asubuhi wapishi walituuliza, "Tupike kilo ngapi?" Tulikuwa watoto wake wote uani, mmoja ana duka, mmoja mhasibu, mie mwalimu. Tukatazamana. Kila khitma, kila harusi ya kijiji kile, mama ndiye aliyekuwa akitokeza mlangoni, akawatazama watu walivyokaa, akarudi ndani na kusema pishi kadhaa, na chakula hakikubaki wala hakikupungua. Ndugu yangu akatoa simu akaanza kukokotoa. Basi yule jirani yetu wa zamani, aliyepewa kibaba cha tele, sasa kikongwe, akainuka kwa taabu kwenye mkeka, akachungulia nje, akasema, "Pishi 14, na mwiteni mtu alete kopo lake, msipimie mabakuli yenu hayo." Tukalitafuta. Lilikuwa bandani, mjukuu analishia kuku.

Nimekuja nalo. Hili hapa juu ya meza. Mafundi wawili kwa nyakati mbalimbali wameshataka kuninyooshea bure, kwa wema wao. Mwenye kutaka kuliona baada ya hapa aje, alishike, akipenda apime nalo. Ila nawaombeni, hapa ubavuni palipobonyea pasiguswe.